Mama Alirudi Darasani na Mkasi Wake

Saa kumi na moja jioni, wakati akina mama wengi wa mtaa wetu wanapochambua mboga, jirani yangu alikuwa akitoka nyumbani kwake na mkoba begani. Ndani ya mkoba mlikuwa na mkasi, chaki, kanda ya kupimia, na daftari la mtoto lililobakia kurasa chache. Rula ndefu ya mbao ilichungulia nje. Mama mmoja aliyekuwa akiteka maji akamwuliza, "Mama, kulikoni? Jumatatu safari, Jumatano safari, Ijumaa safari!" Akajibu bila kusimama, "Ninakwenda shule."

Watu walicheka. Jirani yangu alikuwa na umri wa miaka 41. Alikuwa na watoto wanne, na mkubwa wao alikuwa kidato cha tatu. Zaidi ya hayo, alikuwa fundi cherehani kwa miaka 14. Nusu ya magauni ya harusi yaliyovaliwa mtaani petu yalitoka mikononi mwake. Fundi wa namna hiyo anakwenda kufundishwa nini tena?

Mimi nami niliuliza swali hilo hilo. Jibu alilonipa ndilo lililonifanya niandike makala hii, kwa kuwa naamini wako akina mama wengi wenye ujuzi mikononi mwao ambao hawajapata kuutambua, wala wengine hawajautambua.

Siku sare zilipopotea

Mambo yalianza mwaka ambao kiwanda alichofanyia kazi mumewe kilipunguza wafanyakazi. Baba huyo alikuwa dereva. Alirudi nyumbani na barua mfukoni, akakaa sebuleni bila kuvua viatu. Tangu siku hiyo, kodi ya nyumba na chakula cha watu sita vilitegemea cherehani moja ya miguu iliyokuwa barazani.

Baada ya miezi miwili, shule moja ilitafuta fundi wa kushona sare 120. Jirani yangu alipeleka shati moja na sketi moja vya mfano. Walivishika, wakavigeuza ndani na nje, wakavisifu. Kisha wakamwomba cheti cha ufundi. Hakuwa nacho. Alikuwa amejifunza kwa shangazi yake, kwa kukaa kando ya cherehani na kufumua nguo kuukuu ili aone zilivyoshonwa. Kazi ikapewa mtu mwingine.

"Nilirudi kwa miguu," aliniambia. "Nauli nilikuwa nayo, ila sikutaka mtu aone machozi yangu ndani ya gari. Miaka 14 nimeshona, lakini siku ile nilikuwa kama mtu asiyejua hata kutunga uzi kwenye sindano."

Mwalimu mmoja wa shule hiyo alimfuata nje akamwambia kwamba kipo chuo cha ufundi chenye masomo ya jioni, na kwamba mtu mwenye ujuzi tayari anaweza kupimwa bila kuanza moja kama kijana aliyemaliza shule jana. Jirani yangu aliyashika maneno hayo.

"Nani atapika?"

Mumewe hakuwa mkali, lakini hakufurahi. Alisema mambo matatu, na kila mama aliyeolewa atayafahamu. La kwanza, ada itatoka wapi wakati chakula chenyewe hakitoshi? La pili, nani atapika siku za masomo? La tatu alilisema kwa sauti ya chini: watu watasemaje, wakiona mke anakwenda shule na mume amekaa nyumbani?

Nilimwuliza jirani yangu alimjibuje. Akasema hakumjibu usiku ule. Alisubiri siku mbili, kisha akamletea karatasi. Upande mmoja aliandika mapato ya mwezi, upande wa pili matumizi. Chini yake akaandika fedha ambayo zile sare 120 zingeleta. "Baba watoto," akamwambia, "sikwenda kushindana na wewe. Nakwenda kutafuta kile kilichotuponyoka."

Ada ililipwa kwa mafungu matatu. Fungu la kwanza lilitoka katika kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Habari ya chakula waliimaliza kwa njia ambayo mtaani ilizungumzwa kuliko shule yenyewe: siku tatu kwa juma, baba na kijana wao wa miaka 12 walipika. Ugali wa juma la kwanza ulikuwa na madonge. Juma la tatu hakuna aliyelalamika.

Nasema wazi kwamba si kila nyumba itakubaliana kwa urahisi huo. Lakini yafaa tuone kilichosaidia. Mama huyu hakuomba ruhusa mikono mitupu. Alikuja na hesabu. Na mume, alipoona hesabu, alikuwa na jambo la kushika mbali na maneno ya watu.

Mikono inajua, lakini je, inajua kwa nini?

Siku ya kwanza karakanani, mwalimu, kijana ambaye angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho, alimwambia, "Mama, hebu kata shati kama unavyokata nyumbani." Akakata haraka, kwa macho, bila karatasi ya kielelezo. Mwalimu akakunja kipande cha mbele na kipande cha nyuma, akavilinganisha penye kwapa. Vilikuwa sawasawa.

"Sare zako huchanika wapi, mama?" akauliza.

Jirani yangu alishtuka. Kwa miaka yote hiyo mashati yake ya shule yalirudishwa yakiwa yamechanika mahali pamoja: nyuma, karibu na bega. Siku zote alilaumu kitambaa, au utundu wa watoto. Mwalimu akamweleza kwamba mkono wa binadamu huenda mbele zaidi kuliko nyuma. Mtoto anapoandika, mgongo wa shati huvutika. Kwa hiyo shimo la mkono hukatwa kwa kuingia ndani zaidi upande wa mbele, na upande wa nyuma huachwa upana ili mgongo upate nafasi. Ukikata pande zote mbili sawa kwa kufuata mkato wa mbele, unaunyima mgongo kitambaa, na mshono utaachia.

"Nilitamani kumrudishia fedha kila mzazi," alisema, akicheka na kutikisa kichwa.

Hayo ndiyo mambo aliyokwenda kujifunza. Kushona alikujua tayari. Alichokikosa ni sababu. Alijifunza kwamba kitambaa cha pamba huweza kurudi kikifuliwa mara ya kwanza, na kwa hiyo ni vema kukiloweka na kukipiga pasi kabla ya kukikata. Alijifunza kulaza kielelezo kwa kufuata nyuzi zinazokwenda sambamba na ukingo wa kitambaa, kwa maana ukikata mshazari bila kukusudia, sketi itapinda baada ya kufuliwa. Alijifunza kwamba sindano namba 11 ni ya vitambaa vyepesi, namba 14 ni ya vitambaa vya wastani kama vile vya sare, na namba 16 ni ya vitambaa vizito kama jinzi. Zamani alitumia sindano moja kwa kila kitu mpaka ivunjike. Alijifunza pia kupiga pasi kila mshono palepale unapomalizika, bila kungoja nguo nzima iishe.

Kisha likaja somo lililomwuma kuliko yote, nalo halikuhusu mkasi. Mwalimu aliwaagiza waandike gharama ya shati moja. Jirani yangu aliandika: kitambaa shilingi 6,000, vifungo na uzi 800, sehemu ya kodi ya chumba na mkaa wa pasi 700. Jumla 7,500. Shati alikuwa akiliuza 9,000. Zikabaki 1,500, na shati lilimchukua saa mbili na nusu. Basi kazi yake ilikuwa na thamani ya shilingi 600 kwa saa, na hapo hajaweka kando hata senti ya kutengeneza cherehani ikiharibika. "Nilidhani nina biashara," aliniambia. "Kumbe nilikuwa nawasaidia watu kuvaa."

Siku ya kupimwa

Baada ya miezi mitatu aliitwa kupimwa. Alidhani atapewa karatasi ya maswali, na usiku kucha hakulala. Lakini mpimaji alimpa kitambaa na vipimo vya mtu, akamwambia ashone, naye akasimama kando akitazama. Mara kwa mara aliuliza: Kwa nini umeacha nafasi hii ya pindo? Ungefanya nini kama kitambaa kingekuwa na mistari? Cherehani ikiruka mishono, utaanza kuangalia wapi? Aliomba pia kuona kazi zake za zamani, na jirani yangu alikuwa amebeba sketi, gauni la mtoto, na picha za harusi.

Katika upimaji wa namna hii, mtu haambiwi kwamba amefaulu kwa maksi 60 au 70. Huambiwa kwamba ana umahiri, au kwamba bado hajaufikia. Jirani yangu aliambiwa ana umahiri katika kushona, kumalizia nguo na kutunza mashine. Katika kuchora vielelezo, bado.

Alirudi nyumbani akilia mara ya pili. Mumewe, yule aliyeuliza nani atapika, ndiye aliyemwambia, "Umepungukiwa sehemu moja tu. Rudi ukaimalize." Akarudi. Miezi miwili baadaye alipata cheti chake.

Ujuzi wako unaweza kutambuliwa

Akina mama wengi hawajui kwamba njia hii ipo, kwa hiyo tuieleze.

Nchini Tanzania, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Zamani mafundi walipimwa kwa madaraja, la tatu, la pili na la kwanza. Siku hizi tuzo za ufundi stadi ziko katika ngazi tatu, na msisitizo umewekwa katika yale ambayo mtu anaweza kuyafanya kwa mikono yake. Mbali na kozi ndefu, vyuo hutoa kozi fupi za ushonaji, upishi, umeme wa majumbani, uchomeleaji, udereva na kadhalika. Upo pia utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazini au nyumbani, nje ya mfumo rasmi. Hupimwa, huelezwa mapungufu yao, hufundishwa yale wanayopungukiwa tu, kisha hupimwa tena. Ndivyo ilivyokuwa kwa jirani yangu.

Vipo pia Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975 kwa kuiga shule za watu wazima za Sweden. Leo ni vyuo 54, na vingi viko wilayani, mbali na miji mikubwa. Baadhi vimekuwa na vituo vya kulelea watoto wadogo, ili mama mwenye mtoto mchanga asikose masomo kwa sababu hiyo. Kwa wale wanaotaka kusindika vyakula, kutengeneza sabuni au kazi za ngozi, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, limekuwa likitoa mafunzo tangu miaka ya 1970.

Wasomaji wetu wa Kenya nao wana njia yao. Mamlaka ya NITA hupima mafundi kwa majaribio ya vitendo ya daraja la tatu, la pili na la kwanza, na fundi wa jua kali anaweza kujiandikisha hata kama hakupitia chuo. Na ni vema tukumbuke kwamba vyuo vya ufundi vya vijijini katika nchi hiyo vilianza kwa msukumo wa makanisa. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa taarifa iliyouliza watoto waliomaliza shule ya msingi wataelekea wapi, na vyuo hivyo vilikuwa sehemu ya jibu. Leo vingi viko chini ya serikali za kaunti, na havifungii mlango watu wazima.

Si cherehani peke yake

Huenda wewe mama unasema, "Mimi kushona sijui, na sipendi." Usidhani kwamba ufundi wa wanawake ni cherehani na jiko tu. Nyaya za umeme hazijui aliyezishika ni mwanamume au mwanamke. Zinajua tu kama zimefungwa sawasawa. Wapo akina mama mafundi bomba, wachomeleaji, na mafundi wa magari.

Habari moja hunitia moyo kila nikiikumbuka. Katika kijiji cha Tilonia, jimbo la Rajasthan nchini India, kuna chuo kilichoanzishwa mwaka 1972 kiitwacho Barefoot College. Kwa miaka mingi chuo hicho kilichukua wanawake wa vijijini kutoka nchi nyingi, wengi wao bibi wenye wajukuu, wasiojua kusoma, na kuwafundisha kwa muda wa miezi sita kuunda na kutengeneza mitambo ya umeme wa jua. Hawakuwa na lugha moja. Walijifunza kwa rangi za nyaya, kwa ishara, na kwa kurudia mpaka mkono ukazoea. Walikwenda pia wanawake wa Tanzania, na baadaye mafunzo kama hayo yakaletwa Kinyasini, kisiwani Unguja. Kwa nini walichaguliwa mama watu wazima? Kwa sababu kijana akipata ujuzi mara nyingi huhamia mjini, lakini mama mwenye nyumba na wajukuu hurudi kijijini, na taa hubaki zikiwaka.

Kabla hujalipa ada

Nilimwomba jirani yangu awashauri akina mama wenzake. Haya ndiyo aliyonieleza, nami nimeongeza machache.

Kwanza, hakikisha chuo kimesajiliwa. Tanzania uliza habari za usajili wake kwa baraza la NACTVET. Kenya uliza kwa mamlaka ya TVETA. Cheti cha chuo kisichosajiliwa kinaweza kukuacha pale pale ulipokuwa.

Pili, tembelea karakana kabla ya kutoa fedha. Hesabu mashine na wanafunzi. Kama wanafunzi ni 30 na cherehani ni nne, utajifunza kwa macho tu. Uliza ni saa ngapi za vitendo kwa juma.

Tatu, uliza kama ada inajumuisha vifaa. Wengi hukwama katikati kwa sababu hawakujua kwamba vitambaa, nyaya au unga ni juu yao.

Nne, fahamu masharti ya kazi unayoichagua. Kwa mfano, Tanzania mtu anayefunga umeme katika majengo anatakiwa kuwa na leseni ya EWURA. Cheti cha chuo ni hatua, lakini leseni ni hatua nyingine.

Tano, weka kumbukumbu za kazi zako tangu leo. Piga picha, tunza daftari la wateja na tarehe. Siku ya kupimwa, daftari hilo litakusemea.

Sita, zungumza na wa nyumbani mwako mapema. Mgawane kazi kabla ya siku ya kwanza ya masomo, wala usingoje ugomvi. Kama watoto bado ni wadogo sana, tafuta kozi ya wiki chache kwanza. Bandu bandu huisha gogo.

Jembe lililonolewa

Msomaji atataka kujua kama ile shule ilimpa sare zake. Haikumpa. Ilikwisha kupata fundi, na fundi huyo anafanya kazi nzuri. Lakini mwaka uliofuata shule nyingine ilimpa sare 60, na sasa bei yake imo katika daftari na si tena kichwani. Baadhi ya wateja wa zamani walinung'unika alipopandisha bei, na wawili wakamwacha. Wengine walibaki, kwa sababu mashati hayachaniki tena mgongoni. Mumewe alipata kazi ya kuendesha gari la mizigo, ingawa mshahara ni mdogo kuliko ule wa kiwandani. Fedha ya nyumba bado huhesabiwa kwa uangalifu.

Nilimtembelea juma lililopita. Cheti hakijatundikwa ukutani. Kimo ndani ya bahasha, sandukuni, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kilichotundikwa ukutani ni vielelezo vya karatasi, vya mbele na vya nyuma, vimetobolewa tundu na kuning'inizwa kwenye misumari kwa kufuata umri wa watoto. Binti wa jirani aliyemaliza darasa la saba alikuwa ameketi kando ya cherehani akijifunza, kama jirani yangu alivyoketi zamani kando ya shangazi yake. Alishika mkasi, tayari kukata.

"Ngoja," jirani yangu akamwambia. "Kabla hujakata, niambie kwa nini mbele na nyuma havifanani."

Binti akaviweka vipande viwili pamoja, akavitazama, akaanza kufikiri.